Lichess kwa anayejifunza Kifaransa cha Kubadilishana: inapofaa na inapopotosha

Hatua tatu tu za mchezo wa sataranji (chess), 1.e4 e6 2.d4 d5 3.exd5 exd5, na askari wa pande zote mbili wamekwisha simama kama mtu na sura yake kwenye kioo. Kila upande umebaki na askari saba, kwenye mistari ya a, b, c, d, f, g na h, na mstari wa e uko wazi toka chini hadi juu. Hili ndilo tawi la kubadilishana la Ulinzi wa Kifaransa, mojawapo ya funguzi, yaani mipango ya hatua za mwanzo. Wachezaji wengi wa klabu ama wanalikwepa, ama wanalicheza kwa nia moja: kugawana pointi na kuondoka mapema. Hapa tunaipima Lichess, tovuti ya kucheza na kujifunzia sataranji, kwa swali dogo. Je, tovuti hii inaweza kumfanya mtu auelewe mpangilio huu, badala ya kuukariri?

Inaweza, na bila kulipa hata shilingi. Tatizo ni kwamba vile vinavyovuta jicho kwanza, yaani namba ya injini (programu inayokadiria nani yuko mbele) na asilimia za ushindi, ndivyo vinavyopotosha kuliko vyote pale askari wanapolingana. Vitu vyenye faida vimekaa pembeni kidogo, na asiyejua pa kubonyeza anaweza kukaa mwaka mzima bila kuvigusa.

Lichess ilianzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis. Inaendeshwa na shirika lisilo la faida kwa michango ya wachezaji, haina matangazo, na anayechangia hapati kifaa chochote cha ziada, ila alama ndogo ya bawa kando ya jina lake. Kwa hiyo kila kinachotajwa hapa chini kipo wazi kwa kila mtu mwenye akaunti.

Namba ya injini

Fungua ubao wa uchambuzi, cheza zile hatua tatu, kisha bonyeza herufi l kwenye kibodi. Injini, iitwayo Stockfish, itawaka na kuonyesha namba iliyo karibu na sifuri. Ongeza 4.Nf3 Nf6 5.Bd3 Bd6 6.O-O O-O, bado sifuri au karibu nayo. (N ni farasi, B askofu, R ngome, Q malkia, na hatua isiyo na herufi kubwa ni ya askari; x ni kula, + ni cheki, yaani kumtishia mfalme, O-O ni mfalme na ngome kuhamishwa pamoja, na nukta tatu huonyesha hatua ya Weusi.) Hapo ndipo wengi wanapofunga ukurasa wakiamini kwamba ufunguzi umekufa.

Sifuri ya injini ina maana moja tu: wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare. Haisemi ni upande upi una kazi nyepesi, wala ni nani atakayekosa la kufanya ifikapo hatua ya 15. Kwenye funguzi zenye mapigano namba husogea sana, na kusogea kwake kunafundisha. Hapa karibu haisogei, hata pale mmoja anapopoteza hatua mbili kwa kuzungusha farasi bila sababu.

Kuna namna mbili za kuitumia bila kudanganyika. Ya kwanza, kwenye mipangilio ya injini, ongeza idadi ya mistari hadi mitano. Utaona hatua tano zisizofanana kabisa, pengine c3, Re1, Nbd2, Bg5 na h3, zote zimekaribiana kwa namba. Hiyo yenyewe ni habari: injini inakwambia kwamba chaguo ni lako, uchague kwa mpango. Ya pili ni herufi x, inayoonyesha tishio, yaani upande wa pili ungefanya nini kama ungepewa hatua ya bure. Katika nafasi tulivu kama hizi, kuliona tishio kunafundisha zaidi kuliko kuiona hatua bora.

Vinginevyo izime. Andika kwanza kwa maneno yako kila kete yako inakwenda wapi, ndipo uiwashe kukagua kama kuna kete iliyoachwa wazi. Kwa ukaguzi wa aina hiyo haina mpinzani. Chukua ndugu wa karibu wa mpangilio huu, Ulinzi wa Petroff: 1.e4 e5 2.Nf3 Nf6 3.Nxe5 Nxe4 4.Qe2. Mweusi anayeendelea kuiga kwa 4...Nf6 anapoteza malkia, kwa sababu 5.Nc6 inafungua cheki kutoka kwa malkia wa e2 huku farasi akimshambulia malkia wa d8. Kuiga kunaisha pale mmoja anapomcheki mfalme wa mwenzake, maana cheki haiigwi. Injini itakuonyesha hilo papo hapo. Mpango wa kete hautakuonyesha.

Hifadhi ya michezo: isome kwa jicho kali

Bonyeza e au ile alama ya kitabu, na itafunguka hifadhi yenye sehemu tatu: michezo ya mabingwa, michezo iliyochezwa Lichess kwenyewe, na michezo ya mchezaji mmoja unayemtaja kwa jina. Sehemu ya mabingwa ina michezo ya ana kwa ana ya wachezaji wenye kiwango cha FIDE (shirikisho la sataranji duniani) cha 2200 na zaidi, kuanzia mwaka 1952. Sehemu ya Lichess inaweza kuchujwa kwa kiwango cha wachezaji na kwa muda wa mchezo: gusa alama ya gurudumu, ondoa michezo ya risasi ya dakika moja, acha ya dakika kumi kwenda juu, na uchague viwango vinavyokuzunguka.

Sifa yake kubwa ni kwamba inatafuta kwa nafasi iliyopo ubaoni, bila kujali njia iliyofuatwa. Jaribu: 1.e4 e5 2.Nf3 Nf6 3.Nxe5 d6 4.Nf3 Nxe4 5.d3 Nf6 6.d4 d5. Hii ni Petroff, lakini nafasi ni ile ile ya Kifaransa baada ya 4.Nf3 Nf6, na ni zamu ya Weupe kwenye zote mbili. Hifadhi inaihesabu michezo yote pamoja. Anayejifunza kwa kukariri majina ya funguzi hawezi kuliona hilo. Hapa analiona bila kutafuta.

Sasa asilimia. Kwenye michezo ya mabingwa sehemu ya sare, ile ya katikati ya mstari wa rangi, ni pana katika tawi hili. Usiichukue kama ushahidi kwamba nafasi haina uhai. Watu wanaotaka sare huchagua ufunguzi wenye sifa ya sare, wakapeana mikono mapema, na michezo hiyo inaingia kwenye hesabu sawa na ile iliyopiganwa kwa muda wa saa tano. Kinyume chake pia kipo, na kina somo. Manila 1990, raundi ya mwisho ya mashindano ya kufuzu kuelekea ubingwa wa dunia, Mikhail Gurevich alihitaji sare tu. Alikuwa na Weupe dhidi ya Nigel Short, akachagua kubadilishana. Short akajibu 4.Nf3 Bg4, akashinda, na ndiye aliyefuzu. Aliyehitaji sare alicheza kuingoja, na mwenzake alikuwa na mahali pa kupeleka kete zake.

Kwa hiyo asilimia zitazame kwa sekunde tano, kisha shuka chini kwenye orodha ya michezo yenyewe. Fungua mitano au sita, ruka hatua kumi za mwanzo, na usome kuanzia ya 11 hadi ya 25 ukijiuliza maswali mawili: farasi wa b1 na wa b8 wameishia wapi, na askofu yupi amebadilishwa na yupi. Maswali hayo mawili yatakupa zaidi ya meza yote ya takwimu.

Kilichomo ndani ya mpangilio wenyewe

Lichess haina ukurasa unaoeleza haya kwa mpangilio mzuri, na huo ndio upungufu wake mkubwa kwa mwanafunzi wa mada hii. Jina linalotokea juu ya hifadhi linasema ni Kifaransa, tawi la kubadilishana, kundi C01 (namba ya orodha ya funguzi), na kwa sehemu kubwa linaishia hapo. Ni lazima uje na ramani yako. Hii hapa.

Anza na maaskofu. Askari wa Weupe yuko d4, nyumba nyeusi, kwa hiyo askofu wa c1 anayetembea nyumba nyeusi ana kizuizi cha kwao wenyewe, ilhali yule wa d3 yuko huru. Kwa Weusi ni vivyo hivyo: askari wa d5 anamzuia askofu wa c8, na yule wa d6 anapumua. Kila upande basi una biashara yake. Weupe wanatamani kubadilisha askofu wa nyumba nyeusi, mara nyingi kwa safari ya Bg5, Bh4, Bg3. Weusi wanatamani kubadilisha wa nyumba nyeupe kwa Bg4, Bh5, Bg6. Chukua mstari uliozoeleka: 4.Nf3 Nf6 5.Bd3 Bd6 6.O-O O-O 7.Bg5 Bg4 8.Nbd2 Nbd7 9.c3 c6 10.Qc2 Qc7. Hatua kumi, na ubao bado ni kioo. Maaskofu wote wawili wa pembeni sasa wako tayari kurudi nyuma kwenda kudai mabadilishano yao.

Hapo kuna jambo dogo linalowakosesha wengi: nani akamate kwanza. Weupe wakila g6, Weusi wanakamata kwa hxg6, na yule askari wa g6 ataanza kulinda f5, nyumba ambayo farasi wa Weupe angeitamani. Weusi wakila g3 kwanza, hxg3 inawapa Weupe ulinzi wa f4 kwa namna hiyo hiyo. Anayesubiri bila haraka kwa kawaida ananufaika. Si faida ya kushinda mchezo, lakini ndiyo aina ya faida inayopatikana hapa, na inajilimbikiza.

Farasi wana vituo vyao. Nyumba ya e5 inalindwa na askari wa d4, na e4 inalindwa na yule wa d5, kwa hiyo kila upande una kibaraza chake mbele ya mstari ulio wazi. Anayekaa e5 mapema mno, kabla mwenzake hajamaliza kutoa kete, mara nyingi anafukuzwa kwa f6 au anabadilishwa, kazi imepotea. Safari ndefu ndiyo yenye tija: farasi wa d2 anakwenda f1, kisha e3 au g3. Akiwa e3 anamtazama askari wa d5 na nyumba ya f5. Akifika f5, askofu wa d6 hana raha. Weusi wana njia hiyo hiyo: d7, f8, kisha e6 au g6. Farasi wa e6 anafanya kazi mbili, anaziba mstari wa e na anamsumbua askari wa d4.

Mstari wa e wenyewe ndio unaodanganya kuliko kitu chochote. Wanaoanza huamini kwamba mwenye ngome mbili e1 na e2 ameshinda mstari. Angalia zinakokwenda: e7 inalindwa na askofu wa d6, e8 inalindwa na farasi wa f6 pamoja na ngome. Ngome haina nyumba ya kuingilia, kwa hiyo inakutana na mwenzake na zote mbili zinatoka ubaoni: Re1 Re8, Rxe8 Rxe8, Re1 Rxe1, na ghafla mmebaki na malkia, kete ndogo (farasi na maaskofu) na askari saba kila upande. Sare nyingi za tawi hili zinatengenezwa hivyo. Anayetaka kushinda aiache ngome moja nyumbani, azibe mstari kwa farasi, na abadilishe ngome pale tu mabadilishano yanapomwachia nyumba ya kuingilia.

Hatua ya nne ndiyo yenye uamuzi mzito kuliko inavyoonekana. 4.Bd3 inakuja mkononi yenyewe, lakini askofu akikaa d3 anamkata malkia wa d1 asimlinde askari wa d4. Ndiyo maana 4...Nc6 ni jibu zuri: linampiga d4 mara moja. Weupe wakilinda kwa 5.c3, askari wa c amekwisha tumika, na Weusi wanaweza kuendelea Bd6, Nge7, Bg4, Qd7 na kumficha mfalme upande wa malkia. Wafalme wakiwa pande tofauti, hakuna tena kioo. Kwa Weusi sheria ni ile ile: 4.Nf3 Bd6 inamkata malkia wa d8, na 5.c4 inampiga d5 pale pale. Ukiielewa sababu hii moja, nusu ya hatua za hifadhi zinajieleza zenyewe.

Njia nyingine ya kuvunja ulinganifu ni kumpeleka farasi e7 badala ya f6: 4.Nf3 Bd6 5.Bd3 Ne7 6.O-O O-O 7.Bg5 f6. Askari wa f6 anamfukuza askofu na kuwanyima farasi wa Weupe nyumba ya e5. Baada ya 8.Bh4 Bf5 9.Bxf5 Nxf5, Weusi wamebadilisha askofu wao mbaya na farasi anamshambulia askofu wa h4. Bei yake ni nyumba ya e6, ambayo sasa haina askari wa kuilinda. Farasi wa Weupe akitua hapo kwa usalama, Weusi watajuta.

Kuna pia askari wa c. Weupe wanaweza kwenda 4.c4, tawi ambalo hifadhi inaliita Monte Carlo: 4...Nf6 5.Nf3 Bb4+ 6.Nc3 O-O 7.Be2 dxc4, na baadaye Bxc4. Askari wa d4 anabaki mpweke, bila jirani wa c wala wa e. Usimchukulie kama mpweke wa funguzi za 1.d4. Kule Weusi wana askari wa e6 anayemzuia askofu wao wa c8, hapa e6 iko tupu na askofu anatoka bila shida. Weupe wanapata nafasi ya kutembea, lakini shambulio lao ni jepesi kuliko wanavyozoea.

Weusi wakichukua hatua hiyo hiyo ya askari wa c, mambo yanaweza kuwaka. Beer Sheva 1978, Stefano Tatai dhidi ya Viktor Korchnoi: 4.Bd3 c5 5.Nf3 Nc6 6.Qe2+ Be7 7.dxc5 Nf6 8.h3 O-O 9.O-O Bxc5 10.c3 Re8 11.Qc2 Qd6 12.Nbd2 Qg3 13.Bf5 Re2 14.Nd4 Nxd4, na Weupe wakajisalimisha. Malkia ametua g3 mbele ya askari wa f2 na haliwi, kwa kuwa askari huyo amebanwa na askofu wa c5 dhidi ya mfalme wa g1, na askari wa h alikwisha ondoka h2 kwa ile 8.h3 iliyoonekana ya tahadhari tu. Hatua kumi na nne, katika ufunguzi unaosemwa hauna damu.

Wazo la c5 lenyewe ni la zamani sana. Ulinzi huu ulipata jina la Kifaransa kutokana na pambano la barua kati ya London na Paris lililoanza mwaka 1834. London walibadilishana d5, Paris wakajibu kwa c5 hatua ya tano, wakashinda. Mchezo huo hauwezi kuwemo kwenye sehemu ya mabingwa, maana inaanzia 1952, kwa hiyo ni wa kuuingiza kwa mkono wako. Na hapo tunafika kwenye kifaa bora cha Lichess.

Daftari la masomo

Kila mwenye akaunti anaweza kutengeneza daftari la masomo, na kila daftari linabeba hadi sura 64. Unachagua liwe wazi kwa wote, lionwe na mwenye kiungo tu, au la siri. Sura inaweza kuanza tupu, au ukabandika hatua za mchezo zilizoandikwa kwa mtindo wa PGN, au nafasi moja ya ubao kwa mtindo wa FEN.

Kwa mpangilio huu sura sita zinatosha kuanzia. Ya kwanza iwe na zile hatua tatu tu na hakuna kingine: chora mishale ya safari za maaskofu na farasi. Ukiburuta kwa kitufe cha kulia cha kipanya mshale unakuwa wa kijani, ukishikilia Shift unakuwa mwekundu, Alt wa buluu. Kijani kiwe cha mipango ya Weupe, nyekundu ya Weusi. Ya pili iwe kioo chenyewe hadi 10...Qc7, ikiwa na maelezo chini ya kila hatua. Ya tatu Ne7 na f6. Ya nne askari mpweke wa 4.c4. Ya tano Tatai na Korchnoi mzima. Ya sita 4.Bd3 Nc6 na wafalme pande tofauti.

Kosa linalorudiwa na wengi ni kujaza kila sura matawi ya injini hadi hatua ya 20. Katika ufunguzi ambao hatua tano zinalingana kwa thamani, mpinzani wako atacheza ile ambayo hukuiandika. Weka mstari mmoja mkuu na matawi mawili au matatu, na maneno mengi kuliko hatua.

Kisha badilisha aina ya sura. Ipo ya kuficha hatua zinazofuata, ipo ya kufanya mazoezi na kompyuta, na ipo ya somo la maswali na majibu, ambamo unaandika kidokezo na maelezo kwa kila jibu lisilo sahihi. Hii ya mwisho inachukua muda kuitengeneza, na inastahili. Sura ya Korchnoi ifanye hivyo: simamisha kwenye hatua ya 12 ya Weusi, uliza malkia aende wapi, na kwa anayejibu kwa hofu ya f2 mwandikie kwamba askari huyo amebanwa. Mwalimu wa klabu anaweza kuitumia sura moja kwa wanafunzi wake wote kwa kutuma kiungo.

Kucheza kutoka kwenye nafasi

Kwenye menyu ya ubao wa uchambuzi kuna chaguo la kuendelea kucheza kutoka hapo, dhidi ya kompyuta au rafiki. Simamisha nafasi baada ya 10.Qc2 Qc7, uanzie hapo. Michezo ya aina hii haihesabiwi kwenye kiwango chako, basi hakuna cha kuogopa.

Kompyuta ina ngazi nane. Za chini zinakosea kwa namna isiyo ya kibinadamu: zinacheza vizuri, halafu zinatupa kete bila sababu. Katika mpangilio tulivu hilo linaharibu zoezi zima, kwa sababu unashinda kwa zawadi na hujifunzi kumbana mtu polepole. Za juu zitakubana wewe. Mwenzako wa kiwango chako ni bora kuliko ngazi yoyote. Chezeni nafasi moja mara nne, mkibadilishana rangi, dakika kumi au kumi na tano kila mmoja, kisha ombeni uchambuzi wa kompyuta na mpitie sehemu ya kujifunza kutokana na makosa.

Mafumbo nayo yanaweza kuchaguliwa kwa jina la ufunguzi, na tawi hili limo. Yanafaa kwa kuzoea kubanwa kwa f2 na f7, cheki za mstari wa e, na askofu kujitoa mhanga h7. Yasikudanganye tu kuhusu mara ngapi mambo hayo hutokea: fumbo linachaguliwa kwa sababu lina jibu kali, na michezo mingi ya tawi hili huamuliwa kwa farasi kufika nyumba nzuri hatua moja kabla ya mwenzake.

Mwisho wa mchezo una hifadhi yake, inayotoa jibu la uhakika kwa nafasi yoyote yenye kete saba au pungufu, wafalme wakiwemo. Kwa mpangilio huu msaada wake unachelewa sana. Malkia, ngome zote na kete ndogo zikiisha, bado mna askari saba kila upande, jumla kete 16. Itaanza kusema mkifika kama mfalme na askari watatu dhidi ya mfalme na wawili. Kabla ya hapo utumie injini, na hapa inaaminika vizuri zaidi kuliko kwenye ufunguzi: katika mwisho wa askari watupu, hatua moja ya mfalme hubadilisha sifuri kuwa ushindi, na namba itaruka waziwazi.

Simu na bando

Injini inafanya kazi ndani ya kifaa chako. Simu ya kawaida itapata joto na chaji itashuka haraka ukiiacha imewaka. Kwenye orodha ya injini ukubwa wa kila moja umeandikwa kwa megabaiti: chagua ndogo kuliko zote, inatosha kabisa kwa kukagua makosa, na haitakula bando kwa kupakua faili kubwa. Hifadhi ya michezo inahitaji intaneti kila unapocheza hatua, ingawa inachovuta ni maandishi machache tu. Daftari lote la masomo linaweza kupakuliwa kama faili moja la PGN na kusomwa kwenye programu nyingine bila mtandao. Mishale kwa kidole kwenye simu ni kazi ya usumbufu, kwa hiyo sura zitengenezee kwenye kompyuta, na simu iwe ya kusomea.

Kwa anayeanza leo, mpangilio wa dirisha uwe hivi: injini imezimwa, hifadhi iko kwenye sehemu ya Lichess iliyochujwa kwa kiwango chako, na sehemu ya mabingwa inafunguliwa pale tu unapotaka kusoma mchezo mzima. Anza na nafasi ya baada ya 4.Nf3, siyo 4.Bd3, kwa kuwa farasi hamkati malkia, na askari wa c bado ana uhuru wa kwenda c3 au c4.